Mti Mmoja si Msitu: Istilahi za Mabenki, Biashara ya Nje na Hifadhi ya Mazingira

Makala haya yanahusu istilahi za fani ambayo kwa muda mrefu imeachiwa wenye mabenki peke yao, nayo ni ugharimiaji wa biashara ya nchi za nje. Fani hii ilikuwa na hati zake, kanuni zake na lugha yake, na mwananchi wa kawaida hakuhitaji kuijua. Leo mambo yamebadilika. Masharti ya kuhifadhi mazingira yameingia katika biashara ya mazao, na masharti hayo hayaishii katika ofisi za Moshi wala Dar es Salaam. Hupanda mlima hadi kwa mkulima mwenyewe, yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo swali la tafsiri limekuwa swali la riziki ya mtu. Shabaha yetu ni kueleza kwa ufupi jinsi mabenki yanavyoshiriki katika biashara hiyo, kisha kuonyesha ni istilahi zipi zimekosewa na zipi tunazipendekeza.

Fomu ya Msangeni

Msangeni ni kata iliyo juu milimani Ugweno, katika Wilaya ya Mwanga, Upare ya Kaskazini. Kahawa ya huko hupandwa chini ya migomba, na juu ya migomba husimama miti ya kivuli: miruka, miringaringa na migrivea. Tulipofika huko tulionyeshwa fomu ambayo wakulima walitakiwa kuijaza kabla ya msimu wa kuuza. Fomu ilikuwa imefasiriwa kutoka Kiingereza, na swali lake kubwa lilikuwa hili: "Je, umekata miti katika shamba lako baada ya tarehe 31 Desemba 2020?"

Mzee mmoja, baada ya kutuitikia shikamoo yetu, alituuliza, "Wanangu, mkulima gani wa kahawa asiyekata miti?" Alikuwa amepunguza matawi ya mruka ili kahawa ipate mwanga, na alikuwa amekata migrivea miwili, akauza mbao, akalipa ada ya mjukuu. Akajibu "Ndiyo", kwa kuwa ndiyo kweli. Jirani yake naye alikuwa amekata. Lakini huyo alihisi kwamba swali lina mtego, akajibu "Hapana".

Wote wawili hawakuwa wamefanya kosa lolote linaloulizwa na sheria iliyozaa fomu hiyo. Hata hivyo msema kweli ndiye aliyejitia mashakani, na aliyeficha ndiye aliyepita. Kosa halikuwa la mzee wala la jirani yake, bali lilikuwa la mfasiri. Ili tuone kosa hilo lilivyo kubwa, yafaa kwanza tufuate njia inayopitiwa na fedha.

Fedha hupita njia gani

Kahawa huvunwa katika miezi michache, lakini mnunuzi wa nchi za nje hulipa baadaye. Katikati ya muda huo kuna pengo: mkulima anahitaji fedha, chama cha ushirika kinahitaji fedha za kukusanya na kukoboa, na msafirishaji anahitaji fedha za magunia, lori na meli. Benki huingia katika pengo hilo. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita ugharimiaji wa biashara.

Mahali pa kwanza ni ghalani. Kwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mwenye mzigo huuweka katika ghala lenye leseni na kupewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo huweza kupelekwa benki, na benki ikatoa mkopo kwa kutegemea mzigo uliomo ghalani. Mzigo ukiuzwa, benki hukata fedha zake kwanza. Istilahi ya stakabadhi ghalani ni mfano mzuri wa kazi yetu. Maneno yote mawili yalikuwa yakijulikana tayari, umbo ni fupi, na msikilizaji huelewa mara moja kwamba kuna karatasi na kuna mzigo uliolala mahali. Ndiyo maana wakulima wa korosho, pamba na kahawa wameitwaa istilahi hiyo ikawa yao.

Mahali pa pili ni baina ya msafirishaji na mnunuzi. Tuchukue msafirishaji wa Moshi na mnunuzi wa Hamburg, watu wasiojuana. Msafirishaji anaogopa kupakia mzigo kabla ya kulipwa, na mnunuzi anaogopa kulipa kabla ya mzigo kupakiwa. Benki ya mnunuzi hutoa ahadi ya maandishi kwamba italipa, mradi iletewe hati zilizotajwa: ankara, hati ya shehena, cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha afya ya mimea, na nyinginezo. Hati hiyo ya ahadi imewahi kufasiriwa kuwa "barua ya mkopo". Tafsiri hiyo inapotosha. Msafirishaji aliyepokea hati hiyo hakukopeshwa kitu, wala hadaiwi riba kwa sababu yake. Amepewa neno la benki, basi. Mjumbe wa chama cha ushirika akisomewa "barua ya mkopo" katika mkutano, hapana budi aulize deni hilo ni la nani na litalipwa lini, na mkutano mzima utapoteza saa kwa deni lisilokuwapo. Kwa sababu hiyo tunapendekeza hati ya muamana. Muamana ni hali ya kuaminiana, nalo latokana na shina lile lile la amini na amana. Ndiyo maana hasa ya jambo lenyewe.

Benki husoma karatasi

Miamana ya namna hii inatawaliwa na kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa chenye makao yake Paris. Kanuni hizo zilitolewa kwanza mwaka 1933, na toleo linalotumika, lijulikanalo kwa namba 600, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Mfasiri anayeshughulika na fani hii yampasa ayajue mafungu yake mawili.

Fungu la 5 lasema kwamba mabenki hushughulika na hati, si na bidhaa. Karani wa benki hafungui gunia wala hapandi Ugweno kutazama mibuni. Hupewa siku za kazi zisizozidi tano kuzichunguza hati, naye huamua kwa kuzisoma tu kama zinapatana na masharti. Fungu la 14 nalo lina kifungu kisemacho kwamba sharti lililotajwa bila ya kutajwa hati ya kulithibitisha litahesabiwa kuwa halikutajwa. Maana yake, mnunuzi akiandika katika muamana kwamba kahawa isitoke katika ardhi iliyokuwa msitu, lakini asitaje cheti gani kitathibitisha jambo hilo, benki italiacha sharti hilo na kulipa.

Hapa ndipo tunapoona wajibu wa benki na mpaka wake. Benki ina nguvu kubwa juu ya biashara, kwa kuwa bila ya fedha mzigo hausafiri. Lakini nguvu hiyo hupita katika karatasi. Msitu usioandikwa katika hati hauonekani benki, na msitu ulioandikwa vibaya huonekana vibaya. Kwa maneno mengine, neno ndilo linalobeba msitu mpaka mezani kwa karani.

Masharti ya mazingira yalivyoingia

Mwaka 2014 kundi la mabenki ya kimataifa, likisaidiwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, lilitoa pendekezo la muamana wa shehena endelevu, kwa kuanzia na mawese: mwagizaji anayeonyesha cheti cha mawese yenye asili njema aweze kupata masharti nafuu. Hapa nchini, mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo unaoyataka mabenki yasimamie hasara za kifedha zinazoweza kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Benki ya CRDB, iliyokuwa imeidhinishwa mwaka 2019 kupitisha fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wa Umoja wa Mataifa, ilitoa mwaka 2023 hatifungani ya kijani iliyokusanya zaidi ya shilingi bilioni 170.

Lakini sharti lililofika Msangeni lilitoka katika Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa na misitu. Kanuni hiyo inahusu bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Tangawizi ya Mamba Miamba, wilayani Same, haimo. Kahawa ya milima ile ile imo. Inataka bidhaa hizo zisitoke katika ardhi iliyokuwa msitu ikageuzwa shamba baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lijulikane mahali lilipo kwa latitudo na longitudo. Shamba lenye zaidi ya hekta 4 huonyeshwa mipaka yake yote. Lililo dogo zaidi, kama yalivyo mengi ya Upare, hutosha kuonyeshwa kwa nukta moja. Tarehe ya kuanza kutekelezwa imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi walianza mapema kukusanya habari za mashamba, na fomu zikatangulia sheria.

Yafaa ieleweke kwamba kanuni hiyo haikuyabebesha mabenki wajibu huo. Imewabebesha wafanya biashara wanaoingiza bidhaa Ulaya. Hata hivyo benki iliyokopesha kwa kutegemea mzigo haiwezi kukaa pembeni. Mzigo ukikataliwa bandarini, mkopo nao hukosa wa kuulipa. Kwa hiyo benki yenye busara huuliza mapema, na jibu lake huanzia katika fomu ya mkulima.

Mti na msitu

Sasa turudi kwenye swali la fomu. Sheria haiulizi habari za kukata miti. Inauliza habari za kugeuza msitu kuwa ardhi ya kilimo. Tena imetoa kipimo cha msitu: ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti inayozidi mita 5 kwa urefu, na ambayo matawi yake yanafunika zaidi ya sehemu 10 katika 100 za ardhi hiyo, ila ardhi ambayo matumizi yake makubwa ni kilimo haihesabiwi. Sheria yenyewe inakitaja kilimo cha mazao yaliyopandwa chini ya miti kuwa ni kilimo, si msitu. Basi shamba la mzee wetu, pamoja na miruka na miringaringa yake yote, ni shamba. Angekata migrivea kumi badala ya miwili, bado jibu lake lingekuwa "Hapana".

Mfasiri aliyeandika "kukata miti" alichukua maneno yanayosikika kila siku katika mabango na hotuba. Tumezoea kuambiwa kwamba kukata miti ovyo ni kuharibu mazingira, na usemi huo una faida yake katika kampeni. Katika hati ya biashara hauna faida, kwa kuwa umeunganisha vitendo vitatu mbalimbali: kukata mti, kudhoofisha msitu unaobaki kuwa msitu, na kuuondoa msitu ili mahali pake pawe shamba. Tunapendekeza vitendo hivyo vitenganishwe daima. Cha kwanza kiitwe ukataji miti, cha pili udhoofishaji wa msitu, na cha tatu ufyekaji msitu. Tena katika fomu ya mkulima istilahi ya tatu isiachwe peke yake, bali iulizwe kwa sentensi kamili: "Je, sehemu yoyote ya shamba hili ilikuwa msitu tarehe 31 Desemba 2020, ikafyekwa baadaye ili kulima?"

Iko faida nyingine ya kusikiliza lugha za wenyeji. Upare ya Kaskazini ina majina yake ya misitu. Mpungi ni kijisitu cha ukoo kilichotengwa kwa matambiko. Mshitu ni msitu wa jando. Mzee wa Ugweno akiulizwa habari ya msitu, huweza kufikiria kwanza mpungi wa ukoo wake, na kuugusa mpungi kwake ni jambo zito hata ukiwa mdogo. Lakini kijisitu kisichozidi nusu hekta hakiingii katika kipimo cha sheria ya Ulaya. Hivyo sheria huweza kuupuuza msitu ambao wenyeji wanauheshimu, na tafsiri mbovu huweza kulihesabu shamba kuwa msitu. Mfasiri hawezi kuibadili sheria. Aweza, na yampasa, kueleza katika fomu yenyewe neno msitu limetumiwa kwa maana gani.

Maneno mengine yanayohitaji uangalifu

Endelevu. Neno hili limeundwa kwa utaratibu mzuri, kutokana na endelea, kama sikivu lilivyotokana na sikia na vumilivu na vumilia. Tatizo lake ni ndugu yake maendeleo. Msikilizaji wa "biashara endelevu" huweza kudhani ni biashara inayokua na kustawi. Lakini biashara yaweza kukua haraka kwa kumaliza misitu, nayo ikawa na maendeleo bila ya kuwa endelevu. Hatusemi neno hili liachwe, kwa kuwa limekwisha enea; twasema lisiachwe bila maelezo. Hati itaje ni kitu gani kisichopaswa kumalizika, iwe maji, udongo au msitu.

Kijani. Asili ya neno hili ni jani, na kwa hiyo linafaa. Lakini "mkopo wa kijani" hausemi kitu mpaka masharti yake yatajwe. Mfasiri anayelikuta katika hati alitafute kwanza sharti, ndipo aandike rangi.

Uchunguzi wa tahadhari. Sheria ya Ulaya inamtaka mwagizaji akusanye habari, apime hatari na kuipunguza kabla ya kuingiza mzigo. Istilahi ya Kiingereza ya kazi hiyo imewahi kufasiriwa neno kwa neno kuwa "bidii stahiki". Msomaji wa Kiswahili hataelewa bidii hiyo ni ya kufanya nini. Maneno uchunguzi wa tahadhari yanaeleza kazi na sababu yake.

Ufuatilikaji. Fomu nyingi zinaandika "ufuatiliaji" pale ambapo maana ni kwamba gunia laweza kufuatwa kinyumenyume mpaka shambani. Ufuatiliaji ni kazi ya mtu anayefuatilia. Sifa ya gunia ni ufuatilikaji. Kauli ya kutendeka imo katika lugha yetu kwa kazi kama hii, na hatuna sababu ya kuiogopa.

Rehani na dhamana. Neno dhamana linatumika kwa mali iliyowekwa na kwa ahadi ya mtu wa tatu. Twaonelea mali iliyowekwa, kama mzigo wa ghalani, iitwe rehani. Na ahadi ya benki au ya mtu kulipa deni la mwingine iitwe dhamana.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawawekea wasomaji mapendekezo yafuatayo. Haya ni mapendekezo ya kujadiliwa, si istilahi zilizokwisha sanifiwa:

(a) ugharimiaji wa biashara ya nje: utoaji wa fedha au ahadi ya malipo unaowezesha bidhaa kuuzwa nchi nyingine;
(b) hati ya muamana: ahadi ya maandishi ya benki kulipa ikiletewa hati zilizotajwa (si "barua ya mkopo");
(c) rehani: mali iliyowekwa kwa mkopo; dhamana: ahadi ya kulipa deni la mwingine;
(d) ufyekaji msitu: kuuondoa msitu ili ardhi iwe shamba (si "ukataji miti");
(e) udhoofishaji wa msitu: kuupunguzia msitu hali yake ya asili bila ya kuuondoa;
(f) uchunguzi wa tahadhari: uchunguzi wa lazima kabla ya kununua, kuingiza au kukopesha (si "bidii stahiki");
(g) ufuatilikaji: sifa ya bidhaa ya kuweza kujulikana mahali ilikotoka.

Watasema wengine kwamba tofauti hizi ni ndogo, na kwamba mkulima ataelewa tu. Historia ya Upare yenyewe yatuonya. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kuipinga kodi ya makadirio iliyoitwa mbiru. Watu huchukua wajibu mzito pale wanapoelewa umepimwaje. Wasipoelewa, ama hukataa, ama hujibu lolote litakalowapitisha. Jibu la namna ya pili ndilo la hatari zaidi katika biashara ya leo, kwa kuwa benki, ambayo haioni shamba, haina njia ya kulitambua kwa kusoma karatasi.

Tunawaomba wafasiri, kabla ya kuikabidhi fomu yoyote ya namna hii, waisome kwa sauti mbele ya mkulima mmoja au wawili na kumtaka kila mmoja aeleze ameulizwa nini. Kazi hiyo haichukui zaidi ya asubuhi moja. Walimu nao wangeweza kuwapa wanafunzi zoezi la kutofautisha mti, shamba na msitu kwa lugha zao za nyumbani, na kutuletea majina watakayoyakusanya. Watumishi wa serikali na wa vyama vya ushirika wanaoona istilahi tulizozitaja hazifai, watuandikie na kutupa zilizo bora. Mzee wa Msangeni alisema kweli kwa swali aliloulizwa. Kazi iliyobaki ni yetu, nayo ni kumwuliza swali lililo la kweli.